Tupeane uzoefu: Ni mafunzo gani kazini yaliyobadilisha ufundishaji wako wa aljebra?

Mleta mada: Walimu wenzangu, nimefundisha Hisabati Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa miaka 11, na semina nilizohudhuria ni nyingi, lakini nikijiuliza ni ipi iliyobadilisha jinsi ninavyofundisha milinganyo, nabaki na moja tu, nayo haikufanyika hotelini. Ilikuwa Jumatano mchana, katika jumuiya ya ujifunzaji ya shule yetu chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), walimu wanne tukiwa na rundo la madaftari. Mwenzetu alikuwa amewapa wanafunzi wake swali hili: 8 + 4 = ___ + 5. Wengi walijaza 12. Tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza, kwa kuwa tulitambua kwamba kwao alama ya sawasawa ni amri ya kuandika jibu, si mizani yenye pande mbili zinazolingana. Mwanafunzi wa namna hiyo ukimwambia "ikivuka upande inabadili alama", atakariri, na ukimpa 3x = 12 atakuandikia x = 9. Tangu hapo, wiki ya kwanza ya mada siigusi x kabisa.

Mchangiaji wa 1: Mwalimu, niruhusu nichangie kutoka Kenya. Nilipitia mafunzo ya SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, na nakiri nilikwenda nikinung'unika kwa sababu yalikula likizo yangu. Kilichonibadilisha ni kufundisha kipindi mbele ya walimu wenzangu, nao wakakichambua bila kunionea haya. Niliandika (x + 3)² ubaoni na kuieleza kwa kanuni tupu. Mmoja wao akachora shamba la mraba, akaligawa vipande vinne, na zile 3x mbili ambazo wanafunzi wangu huzisahau kila mwaka zikaonekana kwa macho.

Mchangiaji wa 2: Mimi nilikaa siku mbili nikisomewa maandishi ya projekta. Cheti ninacho. Neno "aljebra" halikutajwa.

Mchangiaji wa 3: Nipo peke yangu katika somo hili shuleni kwetu, hivyo jumuiya yangu ni kundi la WhatsApp la walimu wa kata, ambako tunatumiana picha za makosa ya wanafunzi. Humo ndimo nilimojifunza kwamba baadhi ya makosa ni ya lugha: wanapoulizwa kwa Kiingereza namba iliyo pungufu ya x kwa 5, wanaandika 5 − x, kwa kuwa Kiingereza hutaja 5 kwanza. Sasa nawataka waielezee sentensi kwa Kiswahili kabla ya kushika kalamu. Ila mleta mada, hiyo wiki isiyo na x unaiandikaje kwenye azimio la kazi, mthibiti ubora akija?

Mleta mada: Naiandika kuwa ni utangulizi wa milinganyo, na kwenye andalio la somo naambatisha yale madaftari yenye 12. Aliyekuja mwaka jana aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akaomba kuliuliza darasa swali hilo yeye mwenyewe.