Uzi: Tupeane uzoefu wa kuchagua ubora wa picha kwenye kamera ya kuanzia

#1 Mwanzisha uzi
Wakuu wa Dodoma, Kondoa, Singida na kwingineko, vijana wengi wanashika kamera za kuanzia kwenye mahafali na harusi. Tuwekeane hapa mipangilio ya ubora wa picha, kwa namba na sababu, ili mwenye kamera mpya asome na kuipanga leo leo.

Naanza na linalochanganya wengi. Ubora una vitu viwili. Kuna ukubwa, yaani L (kubwa), M (ya kati) na S (ndogo): hiyo ni idadi ya pikseli, vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Kamera ya megapikseli 24 ikiwa L hutoa 6000 kwa 4000. Halafu kuna mgandamizo. Kwenye Nikon unaitwa Fine, Normal na Basic, na faili hubanwa kama mara 4, 8 na 16. Canon huonyesha kwa alama ya robo duara: iliyo laini imebanwa kidogo, yenye ngazi imebanwa zaidi. Unaweza kuwa L kwa ukubwa huku uko Basic kwa mgandamizo, na hapo ndipo watu wanaposhangaa mbona picha kubwa haina uhai.

#2
Umegusa penyewe mkuu. JPEG, faili la kawaida la picha ambalo kamera hutoa, hubana picha kwa vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8. Piga shamba la zabibu kwa L Basic, ifungue kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 200, utazame pale ukingo wa jani unapokutana na anga. Utaona madoadoa yamezunguka jani kama vumbi. Ukipiga hiyohiyo kwa Fine, ukingo unatoka msafi. Shela la bibi harusi nalo ni vivyo hivyo, matundu madogo ya lesi yanaungana. Na kilichotupwa na Basic hakirudi kwa programu yoyote.

#3
Niongezee RAW, yaani faili ghafi la kamera linalohaririwa baadaye kwenye kompyuta, maana jua letu la saa saba mchana linaidai. Linapiga kutoka juu: shati jeupe linaungua, macho yanazama kivulini. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina 4096, ya biti 14 ina 16384. Weka RAW+JPEG, shusha mwanga hadi -0.7 kwa kitufe cha +/-, shati lipone, kisha inua uso kwenye kompyuta. Ukirudi na weupe ulioungua kabisa, hata RAW haiokoi. Michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, nayo inafaa RAW: rangi nyekundu iliyofifia iko kivulini chini ya mwamba, huku nyuma yako jua linawaka.

Ila kama huna programu ya kuhariri, achana nayo. Faili moja la megapikseli 24 hula MB 20 hadi 30, na studio za kusafisha picha zitakudai JPEG tu. Ukipiga mfululizo kamera itasita. Haijaharibika, inasubiri kadi imalize kuandika. Kadi yenye alama ya V30, yaani ya kasi ya kuandika, husaidia.

#4
Kwa wanaosafisha picha: hesabu nukta 300 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1800 kwa 1200, A4 inataka 3508 kwa 2480. S ya Nikon D3500 ni 2992 kwa 2000, kwa hiyo albamu inatosha. Mteja akirudi anataka fremu ya A3 ya sebuleni, unabaki na nukta kama 180, na kope za macho zinaanza kulainika. Ndiyo maana nasema piga L Fine, kisha punguza nakala. Kadi ya GB 16 hubeba kama 1000 za namna hiyo, harusi nzima inaingia.

#5
Wenye kamera ndogo za mfukoni, zimeni zumu ya kidijitali. Inakata katikati ya picha na kuivuta, hata ukiwa L.

Picha ikifika WhatsApp na ukungu, msiilaumu kamera. WhatsApp hubana yenyewe. Tuma kama dokumenti.

Na kabla ya kazi tazama idadi ya picha zilizobaki kwenye kioo. Ikiwa kadi ni ileile, tupu, na jana ilisema 1200, leo inasema 4000, kuna mtu amegusa ukubwa au mgandamizo. Rudisha L Fine kwanza.