Majina ya raia waliouawa na mabomu ya ndege: tuyasome kwa alfabeti au kwa nyumba?

MkutubiZawadi
Wadau, naomba ushauri wenu. Jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni mkutubi. Nimekabidhiwa kuandaa jioni ya kuwakumbuka raia waliouawa na mabomu ya ndege katika Vita Kuu ya Pili, na sehemu kubwa ya jioni hiyo ni kusoma majina kwa sauti. Natumia orodha ya raia ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile yenye vitabu saba vilivyohifadhiwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, majina zaidi ya 66,000. Aliyeipigania ni Fabian Ware, mwanzilishi wa tume hiyo. Mabomu yalikuwa bado yanaanguka London alipodai kwamba raia naye aandikwe jina kama anavyoandikwa askari.

Kila marehemu ana mistari michache tu: jina, umri, anwani ya nyumbani, ni mke wa nani au mtoto wa nani, na mahali alipofia. Basi. Lakini ukisoma polepole unaanza kuona watu. Jina la ukoo linajirudia mara nne, mara tano, umri unashuka, na kila mmoja anwani ni ile ile na mahali alipofia ni hapo hapo nyumbani. Clydebank, Uskoti, usiku wa tarehe 13 na 14 Machi 1941, watu 528 waliuawa. Kati yao 15 ni wa familia moja, nyumba moja: namba 78, Jellicoe Street. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Tatizo langu ni alfabeti. Nimekuta binti aliyeolewa yuko kurasa kadhaa mbali na mama yake kwa sababu alibeba jina la mume, ilhali namba ya nyumba ni moja. Walikufa pamoja, halafu karatasi imewatenganisha. Nimeanza kuandika kila jina kwenye kadi na kuzipanga mezani kwa nyumba. Je, ni sawa nikisoma hivyo, au navuruga kumbukumbu rasmi?

KalamuYaMzee
Mwanangu Zawadi, hongera kwa kazi hiyo. Ila mimi ningebaki na alfabeti. Anayekuja kumsikiliza ndugu yake anajua jina, hajui utafika lini kwenye mtaa wake. Na kuna waliofia hospitalini, au kwenye handaki la kujihami, mbali na kwao. Halafu wapo wasio na jina kabisa. Belfast, Ireland ya Kaskazini, Aprili 1941, maiti zililazwa kwenye soko la St George's ili ndugu waje kuwatambua. Wengine hawakutambuliwa na mtu. Wakazikwa kaburi la pamoja. Ukisoma kwa nyumba, hao utawaweka nyumba gani?

BintiHargeisa
Dada Zawadi, mimi naongea kama mtu mwenye wafu wake. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Somalia ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa na kuupiga mji ule ule wa Hargeisa. Wakazi wakauawa na ndege za nchi yao. Leo katikati ya mji kuna mnara, juu yake ndege ya kivita aina ya MiG, chini yake michoro. Nilisimama pale nikitafuta majina, sikuyaona.

Majina yetu yako kwa mama. Na mama hayataji kwa alfabeti wala kwa umri. Anataja kwa jinsi walivyolala. Anaanzia mlangoni: bibi, kwa sababu alikuwa anaamka mapema. Kisha shangazi na mtoto mchanga upande wa ukuta. Kisha wavulana wawili waliogombania shuka moja. Akikatizwa hapo katikati, anarudi mlangoni aanze upya, hawezi kuendelea alipoachia. Kwa hiyo mimi nasema soma kwa nyumba. Mzee Kalamu ana haki kuhusu wasiotambuliwa, nao watafutiwe mahali, lakini usimtenge mama na bintiye kwa ajili ya herufi.

Msafiri_77
Naongezea kidogo. Hamburg walikwama hapo hapo. Baada ya mashambulizi ya Julai 1943 makumi ya maelfu walizikwa pamoja katika makaburi ya Ohlsdorf, kaburi lenye umbo la msalaba, na juu yake kuna magogo ya mwaloni yaliyochongwa majina ya sehemu za mji zilizoteketea. Hawakuweza kumtaja kila mtu, basi wakataja alikokaa. Tokyo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, walikufa watu kama 100,000. Majivu yao yako kwenye bustani ya Yokoamicho, yamehifadhiwa pamoja na ya waliokufa katika tetemeko la 1923. Jivu halina anwani. Wewe una anwani, Zawadi. Zitumie.

MkutubiZawadi
Asanteni sana. Mzee Kalamu, shikamoo, na swali lako limenisaidia kuliko unavyodhani. Nitafanya hivi: namba ya nyumba kwanza, kisha wote waliofia humo, mkubwa hadi mdogo, na binti aliyeolewa anarudi kwa mama yake. Waliofia kwingine nitawasoma kwa mahali walipofia. Wasiotambuliwa nitawasoma kwa mahali walipozikwa. Orodha ya alfabeti nitaibandika mlangoni, ndugu wa mtu amtafute kabla hatujaanza.

BintiHargeisa, jana usiku nilizipanga kadi upya. Zile 15 za Jellicoe Street nilikuwa nimezifunga na mpira, zikawa nene mkononi kama pakiti ya karata. Nimeufungua. Nitazishika moja moja. Na kama mama yako ataridhia, ningependa kujua majina ya wale wavulana wawili, niwaandikie kadi zao.