Kwa nini mkopo wa benki ni ghali hivi hapa Uganda?

Mama Nafaka, Busia
Habari zenu ndugu. Nanunua mahindi Iganga na Bugiri, nawauzia Wakenya hapa mpakani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kazi ni kukausha. Mavuno ya Julai huwa yanakutana na mvua. Mkulima anaanika kwenye turubai kando ya barabara, wingu likitanda watoto wanakimbilia kukunja. Mimi natia punje na chumvi kavu kwenye chupa, natikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, punje bado zina maji, mzigo huo siuchukui, na mwenyewe amesimama hapo ananitazama, anadaiwa ada ya shule. Inaniuma sana.

Nataka mashine ya kukaushia. Benki wananiambia riba 21%, tena dhamana iwe ardhi yenye hati. Yetu ni ya ukoo, hati haina. Mfumuko wa bei uko chini ya 5%, sasa riba hiyo inatoka wapi?

Karani Mstaafu, Kampala
Mama, nilikaa miaka mingi upande wa mikopo. Benki Kuu iliweka riba yake 9.75% Oktoba 2024. Lakini serikali nayo inakopa humu humu ndani, na hati fungani zake za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya 15%. Meneja akiikopesha serikali analala usingizi. Akikukopesha wewe anawaza mvua, anawaza mpaka kufungwa. Kwa hiyo bei yako lazima ianzie juu ya ile ya serikali.

Kijana wa Bugiri
Mama, PDM je, ule mpango wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa? Milioni moja kwa kaya, riba 6% tu. Au stakabadhi ghalani, sheria yake ipo tangu 2006: unaweka mahindi ghalani, unapewa stakabadhi ya kukopea benki, mahindi yenyewe yanakuwa dhamana, ardhi haiguswi.

Mama Nafaka, Busia
Asante mzee, sasa nimeelewa. Mwanangu, milioni moja ni ya kuku na mbegu, haifiki kwenye mashine. Na ghala la stakabadhi linapokea mahindi makavu tu! Tumerudi pale pale.

Mimi naona hivi: kama kila parishi inapewa milioni 100 za PDM kwa mwaka, basi parishi kadhaa za mahindi zitenge fungu wanunue mashine moja, mkulima alipie kwa gunia. Mahindi yakikauka, cheti kinapatikana, ghala linapokea, hata benki ina cha kushika. Kugawa pesa kaya kwa kaya huku mahindi yanaoza kwenye turubai, hapana, siungi mkono.

Walio Masindi na Kiryandongo, ninyi mnakaushia wapi, na gunia mnalipia ngapi?