Kipimo cha ioni angani: hujuaje kama iliyoingia ni hidrojeni au oksijeni?

Mwalimu wa Fizikia, Chake Chake
Assalaam alaykum. Nilikuwa nikieleza darasani kwamba vyombo vya angani hubeba kipimo cha ioni (atomu zilizopoteza elektroni) zenye nishati kubwa, na kwamba ioni ikigonga kipande cha silikoni huacha chaji inayolingana na nishati yake. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Nne akanibana kwa suali: ikiwa protoni, yaani ioni ya hidrojeni, na ioni ya oksijeni zimegonga zikiwa na nishati ileile, kipimo kitazitofautishaje? Nimemuahidi jibu Jumatatu.

Fundi wa Redio, Unguja
Wa alaykum salaam, Maalim. Mwanafunzi wako kagusa penyewe, maana silikoni peke yake haitofautishi. Lazima ipimwe na mbio. Mlangoni huwekwa kiwambo cha kaboni, chembamba kiasi cha ioni kukipenya, na inapotokea upande wa pili huwa imeng'oa elektroni chache, ambazo huvutwa pembeni hadi kwenye kisahani chenye vitundu vidogo mno, humo zikazaliana hadi kufika mamilioni, na mpigo huo wa umeme ndio unaoanzisha saa. Ioni huendelea hadi kwenye silikoni, ambako elektroni nyengine zinazong'oka husimamisha saa. Kwa njia ya sentimita 10 na nishati ya elektrovolti milioni 1, protoni hutumia takriban nanosekunde 7 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), ilhali oksijeni, iliyo nzito mara 16 na hivyo kwenda kwa robo ya mbio hizo, hutumia takriban 29. Mwonyeshe kwa manati: kwa mvuto uleule wa mpira, kokoto hutoka mbio kuliko jiwe zito. (Mbali na madirisha ya skuli, tafadhali.)

Mwalimu wa Fizikia, Chake Chake
Ahsante sana. Je, saa hiyo inaweza kujua kama oksijeni imetoka kwenye Jua au katika anga la Dunia?

Mstaafu, Wete
Haiwezi, Maalim. Saa na silikoni hutoa uzito, hazitoi chaji ya ioni yenyewe, na oksijeni ya upepo wa Jua (ioni na elektroni zinazotoka kwenye Jua) aghlabu imepoteza elektroni 6, ilhali ile iliyopanda kutoka anga letu la juu kwa kawaida imepoteza 1 tu. Ndiyo maana vyombo vyengine hutanguliza mabamba mawili yaliyopinda yenye volti baina yake, yanayopitisha tu ioni zenye uwiano fulani wa nishati kwa chaji; silikoni ikishatoa nishati, chaji hujulikana.

Tarehe 15 Novemba 1971 setilaiti ya Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi (ya Kenya, si Malindi yetu ya Mjini), ikapime ioni za mkondo unaoizunguka Dunia wakati wa dhoruba za sumaku, yaani uga wa sumaku wa Dunia unapovurugwa na upepo wa Jua. Ilipima nishati zao vizuri, lakini nyingi ilibidi zichukuliwe tu kuwa ni protoni. Mradi wa setilaiti wa AMPTE uliporusha mwaka 1984 kipimo chenye mabamba, kiwambo na saa kwa pamoja, ilionekana kwamba protoni hutawala siku za utulivu, na dhoruba ikichacha oksijeni ya Dunia huongezeka sana.

Fundi wa Redio, Unguja
Nyongeza moja: kiwambo na ngozi ya juu ya silikoni hula sehemu ya nishati, na ioni nzito huliwa zaidi, kwa hiyo kila kipimo hupigwa kwanza maabara kwa miale ya ioni zinazojulikana kabla hakijarushwa.