Tupeane uzoefu: wana Kigoma mlionunua nyumba ughaibuni, kianzio mlikitoa wapi?

Mwanga Kwetu: Mwakeye wakuu. Mdogo wangu ni nesi Leicester, Uingereza, mwaka wa tatu sasa, amechoka kumlipia mtu kodi. Anataka mkopo wa nyumba hukohuko na sisi huku tumchangie kianzio, ile sehemu ya bei anayotoa mnunuzi mwenyewe. Baba anasema hela hiyo ijenge Gungu, hapahapa Kigoma. Naomba waliopitia waseme, siyo waliosikia.

Binti Katubuka: Mimi niko Coventry. Mkopo haukunitesa kama kianzio. Nilikuwa na viza ya kazi tu, bila ukaazi wa kudumu, basi benki ya kwanza ikataka robo ya bei. Ya tatu ikakubali asilimia 10. Nikapiga simu nyumbani kwa furaha. Mjomba anauza mawese, akanitumia milioni tisa.

Kumbe ndiyo nimeanza safari! Mwanasheria anayeshughulikia ununuzi akauliza: hii imetoka wapi? Akataka barua ya mjomba kwamba ni zawadi, hanidai wala hana fungu kwenye nyumba, pamoja na taarifa ya benki ya miezi sita. Jamani, benki ya mjomba ni ndoo uvunguni. Akaunti aliifungua wiki ileile, milioni tisa zimeingia asubuhi, jioni zimetoka. Ukiitazama kwa macho ya Mzungu, huyo ni mhalifu kabisa. Tukahangaika wiki saba na leseni ya biashara, risiti za ushuru, barua ya mtendaji ikatafsiriwa. Mwenye nyumba akachoka, akamuuzia mwingine.

Nyumba niliyonayo nimeinunua kwa akiba yangu. Za mjomba nilimrudishia, na hadi leo ananisalimia kwa kifupi.

Mwanga Kwetu: Pole dada. Na ile kodi ya nyongeza ya serikali kwa wageni wanaonunua nyumba, asilimia 2 ya bei?

Binti Katubuka: Hiyo ya tangu Aprili 2021 haiangalii pasipoti. Inamkuta asiyefikisha siku 183 Uingereza katika miezi 12 kabla ya kununua. Mdogo wako kama hajasafiri sana, haimhusu.

Mjiji wa Dubai: Assalaam aleikum. Mie riba sitaki, nikachukua ijara: benki inanunua nyumba, inakupangisha, ukimaliza inakuhamishia. Kianzio cha mgeni ni asilimia 20 kwa nyumba ya kwanza isiyozidi dirhamu milioni 5. Nilijiandaa. Asilimia 4 ya usajili kwa idara ya ardhi sikuijua, ikanikuta mfuko mtupu.

Kosa kubwa lakini lilikuwa hesabu. Nilitegemea kodi ya vyumba vyangu vya Ujiji ijalizie rejesho. Dirhamu imefungwa kwenye dola, yaani dola ikipanda kwa shilingi nayo inapanda. Shilingi ilikuwa kama 2,300 kwa dola mwaka 2022, ikafika 2,700 mwaka 2024. Wapangaji walewale, kodi ileile, rejesho halishikiki. Nikauza kiwanja cha Gungu kuziba pengo. Mwambie baba, labda atafurahi.

Kasulu Toronto: Kanada kuna marufuku ya wageni kununua nyumba tangu Januari 2023, imesogezwa hadi mwanzo wa 2027. Mwenye kibali cha kazi kilichobakiza siku 183 au zaidi anaruhusiwa moja. Changu kilibakiza miezi mitano. Bado ni mpangaji.

Mwanga Kwetu: Asanteni. Nimemsomea baba habari ya ndoo, kacheka, kisha kanyamaza. Jumatatu nampeleka benki.