Linanijia wazo la kumdhuru mwanangu na simtakii baya, nifanyeje?

Habarini wakuu. Hili jambo siwezi kumwambia mtu uso kwa uso. Nikiwa jikoni nakata kitunguu na mtoto anacheza pale chini, ghafla linanijia wazo kwamba nitamchoma kisu, naishiwa nguvu mpaka naacha kupika, sasa hivi visu vyote nimefungia kabatini na usiku naamka kucheki mlango, nikirudi kitandani siamini nimecheki naenda tena. Nampenda huyu mtoto jamani. Ndo nachizika? Kuna siku nitafanya kweli?

Mzoefu
Pole sana dada. Mawazo ya hivyo yanampitia karibu kila mtu ila hawasemi. Watafiti wa saikolojia Rachman na de Silva walishawahoji watu wazima wasio na ugonjwa wowote, hiyo ni 1978, wengi wakakiri yanawajia ya aina hiyo hiyo. Wao wanayapuuza yanapita, wewe unalikamata na kulihoji. Inanukia OCD hiyo, yaani ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayojirudia na wewe kurudia vitu kama kucheki ili utulie, sio uchizi. Ila ukisikia sauti zinakuamuru, au wazo unaliona ni sahihi, hapo nenda hospitali leo leo.

Kimya_Kimya
Mkuu kasema kweli ila dada usiwe unarudi hapa kila siku kuuliza "nitafanya kweli?" maana tukikujibu hapana unatulia nusu saa then linarudi na hasira. Kuficha visu ni yale yale, akili inaona kumbe tumepona kwa sababu ya kabati. Na usilifukuze pia, mwanasaikolojia Wegner mwaka 1987 aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, wakawa wanamuwaza tu.

Muulizaji
Sasa nikiacha kucheki moyo unaenda mbio sipati usingizi!

Kimya_Kimya
Ndo tiba yenyewe hiyo, unaiacha hofu ipande mpaka ishuke yenyewe bila wewe kwenda mlangoni. Anza na dogo, cheki mara moja basi. Visu mwachie mwanasaikolojia anayejua OCD akupangie taratibu. Dawa zipo, hizi hizi za sonona, ila kwa OCD dozi mara nyingi ni kubwa na zinaweza kuchukua wiki 8 mpaka 12 kuonyesha kitu, wengi wanaziacha mapema wanasema hazifanyi kazi. Usijinunulie. Mumeo anajua?

Muulizaji
Ya visu hajui. Ya mlango anajua, ndo namuamsha aniambie kama umefungwa 🙈

Mzoefu
Hahaa basi mwambie yote, na ukimuamsha tena akujibu "sijui, lala".