Kanisa langu huku Texas limegeuzwa tawi la chama cha Republican, na nimechoka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Oktoba 2024, Jumapili, nachukua kahawa pale mlangoni kabla ya ibada. Pembeni ya donati kuna rundo la karatasi za rangi. Mgombea huyu kushoto, mgombea yule kulia. Utoaji mimba: tiki, mkasi. Familia: tiki, mkasi. Mmoja kwenye picha anatabasamu, mwenzake kapigwa akiwa kafumba jicho moja kama mtu anayetaka kupiga chafya. Hakuna palipoandikwa "mpigieni huyu", maana tangu 1954 sheria inakataza makanisa yasiyolipa kodi kumpigia debe mgombea. Ila tiki zote ziko upande mmoja!

Nikamuuliza mzee wa kanisa, mbona wakimbizi hawamo kwenye orodha? Akanigusa bega: "Ndugu, hayo ni mambo ya siasa." Karatasi kaishika mkononi.

Tuna mama mmoja Mkongo, anakaa safu ya nyuma yangu. Mdogo wake na watoto wanne walikuwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Usaili wamepita, vipimo vya afya wamepita, tarehe ya ndege ilikuwa Februari. Tarehe 20 Januari 2025 Trump, siku ileile ya kuapishwa, akasaini kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Marekani. Safari ikafutwa. Watu wanaosali kuliko sisi sote hapa! Kanisani wakatuambia tuwaweke kwenye maombi. Mama akanivuta nje: "Papa, wewe unasikia Kizungu kunipita. Uniulizie mchungaji, tutaomba mpaka lini na yeye ndiye aliwaambia watu wapige kura vile?" Sijamuuliza. Naona aibu hata kulisema hili.

Kinachoniudhi zaidi ni unafiki. 1976 hawa wainjili wazungu walikuwa na Jimmy Carter, aliyechaguliwa rais mwaka huo, Mbaptisti wa Georgia, mwalimu wa shule ya Jumapili, akafundisha darasa lake kule kijijini kwake Plains hadi akiwa na umri wa miaka tisini na kitu. Mke mmoja maisha yake yote. 1980 wakamtema, wakamfuata Ronald Reagan wa Republican, mwigizaji aliyewahi kutalikiana na mke, ambaye akiwa gavana wa California 1967 ndiye aliyesaini sheria iliyolegeza utoaji mimba. Mchungaji Jerry Falwell, aliyehubiri 1965 kwamba wachungaji hawakuitwa kuwa wanasiasa, 1979 akaanzisha Moral Majority, kundi la kisiasa la Wakristo wahafidhina, akazunguka kuandikisha wapiga kura.

Na msinidanganye kwamba mimba ndiyo iliyowasha moto tangu mwanzo. Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la wainjili hapa Marekani, walipokutana 1971 walipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu kutoa mimba pale mama alipobakwa, au afya yake, hata ya akili, ikiwa hatarini. 1971! Wapo wanahistoria wanaosema viongozi walianza kuchachamaa serikali ilipogusa msamaha wa kodi wa shule zao za kibaguzi. Chuo cha Kikristo cha Bob Jones kilinyang'anywa msamaha wake 1976. Marufuku ya mzungu na mweusi kuchumbiana chuoni hapo iliondolewa mwaka 2000. Hao ndio wa kunifundisha mimi familia?

Enzi za kashfa ya mapenzi ya Rais Clinton, 1998, Wabaptisti haohao wakatoa azimio kwamba kiongozi lazima awe na maadili. Sawa kabisa. Mwaka 2011, wainjili wazungu asilimia 30 tu walisema mtu mchafu nyumbani anaweza kuwa mwadilifu ofisini. Kufika 2016 ni asilimia 72. Biblia ni ileile, aliyebadilika ni mgombea. Mgombea mwenyewe, Trump, alisimama Liberty, chuo cha Falwell, akasoma "Wakorintho Mbili" badala ya Wakorintho wa Pili, vichekesho vitupu, na bado 2024 wanane hivi kati ya kumi wakampa kura.

Mtaniambia wagombea wa Democratic nao hupanda mimbari za makanisa ya weusi. Najua, nimesali huko, na huko nako nilinung'unika. Lakini huko hakuna aliyenipa karatasi halafu akaniambia siyo siasa.

Kama kuna mtu yuko Dallas au Fort Worth na anajua ibada ya Kiswahili, hata ya watu kumi sebuleni, aniandikie inboksi. Tutakuja wawili. Mama haendeshi gari barabara kuu, nitampitia mimi.